Beetle 1972: kabureta mbili zimekaa, sasa ni kuzilinganisha

Kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya zamani ya Volkswagen Beetle yangu, Solex 34 PICT-3, imeshuka. Mahali pake zimekaa Weber 34 ICT mbili, moja juu ya kila hedi (kichwa cha silinda mbili za upande mmoja). Injini ni ileile ya cc 1584, ndani sikuigusa. Sitafuti mbio, nataka gari liwake vizuri asubuhi za baridi za hapa Arusha na lipande mlima bila kukohoa.

Kukohoa kwenyewe kuna chanzo. Kabureta moja hukaa katikati, na petroli husafiri kwenye bomba refu kwenda kila upande. Bomba likiwa la baridi, petroli hugeuka matone ukutani na silinda hubaki na hewa nyingi kuliko mafuta. Kuna kijibomba cha moshi wa eksozi cha kulipasha joto, lakini cha kwangu kilijaa masizi hata waya haupiti.

Kabla ya kufunga chochote tulipima tapeti (uwazi mdogo unaoachwa kwenye valvu) injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15 kila valvu, tukaweka plagi mpya na kukagua taimingi (wakati plagi inapotoa cheche). Fundi wangu hagusi skrubu ya kabureta kabla ya hayo, na namuunga mkono kabisa.

Kazi yenyewe iko kwenye chuma kinachounganisha kabureta. Injini hii ikipata moto hutanuka kwa upana, hedi zinaachana kidogo, na vijiti vinavyoshuka kutoka kwenye chuma hicho hubadili pembe. Ukilinganisha injini ikiwa baridi, ikishapata moto upande mmoja utatangulia kufunguka. Kwa hiyo tulizunguka mjini hadi oili ikapata moto, tukarudi, tukachomoa kijiti cha kushoto. Kipimo cha hewa juu ya mdomo wa kabureta moja, kisha nyingine, huku tukigeuza skrubu za sailensa (mwendo wa injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) kidogo kidogo hadi mshale ukasoma sawa pande zote. Halafu kijiti kile tukakirefusha kwa nati zake hadi kikaingia mahali pake chenyewe, bila kuinua mkono wa kabureta hata kidogo. Mtetemo uliokuwa ukichezesha kioo cha ndani ukaisha palepale. Nilifurahi mno.

Plagi ndizo zilizotoa habari mbaya. Silinda 1 na 2 zilikuwa na rangi ya kahawia nzuri, 3 na 4, za upande wa kushoto, zilikuwa nyeupe, dalili ya hewa nyingi kuliko petroli. Tukapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo chini ya manifoldi (bomba kati ya kabureta na hedi) ya kushoto, muungurumo ukabadilika: gasketi ilikuwa inavuta hewa. Tumeweka mpya. Injini isiyo na maji haivumilii mchanganyiko mwepesi, yaani wenye petroli kidogo, pistoni huyeyuka.

Mipira yote ya petroli ni mipya na ina klipu kila mwisho, na filta nimeihamishia nje ya chumba cha injini. Bloku ni aloi ya magnesi. Ikishika moto, kuizima ni shida.

Inayofuata ni safari ya Tanga. Jeti (vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta) za sasa tulizichagua kwa hewa nyembamba ya mita 1,400; usawa wa bahari hewa ni nzito, na jeti hizohizo zitakuwa ndogo. Kubwa zaidi ninazo tayari, nitazifunga hapahapa kabla ya kuondoka, maana kuzidisha petroli kidogo hadi Same hakuumizi injini. Nikifika Korogwe nafungua plagi na kusoma rangi upya.