Mrehani Juu ya Pantoni

Saa kumi na mbili alfajiri, umande haujakauka, nilikata matawi matatu ya mrehani bustanini kwangu Kigamboni. La mama, linalonukia karafuu. La baba, linalonukia maua. Na la mjukuu wao, ambalo ndilo lililonitoa nyumbani: ndani yake mlikuwa na harufu ya tatu niliyoshindwa kuitambua. Nikayafunga kwa kitambaa chenye maji.

Mama na baba niliwachavusha mwenyewe. Ua la mrehani ni dogo, unalifungua kwa kibano kabla halijachanua, unaling'oa viungo vya kiume, kisha unalipaka chavua ya baba. Likishika, linatoa mbegu nne tu. Miche ya kizazi cha kwanza ilifanana kama pacha. Harufu zilitawanyika kizazi cha pili, na kazi yenyewe ndiyo hiyo: mche kwa mche, unafikicha jani, unanusa, unaweka alama.

Juu ya pantoni, katikati ya maji, nikafungua kitambaa. Dada aliyesimama na ndoo ya samaki akageuka. "Kaka, umebeba maua?" Alichonusa ni linalooli, terpeni nyepesi ya kaboni 10, inayoruka upesi. Terpeni, yaani kemikali za mimea zinazotoa harufu, hujengwa kwa vipande vya kaboni tano tano, na zile za kaboni 15 ni nzito, hubaki nyuma.

Wazalishaji wa mbegu za bangi kule Kanada, ambako ni halali tangu 2018, huchagua mimea kwa njia hii hii: mirseni, limoneni, pineni, linalooli, kariofileni. Kwetu sheria ya 2015 inaikataza, nami sina haja nayo. Terpeni hizo hizo zimo kwenye mimea tunayopikia, na naona tunazidharau mno. Mkulima wetu huulizwa mavuno; harufu haulizwi.

Kutoka Feri daladala lilikwama kwenye foleni, jua likapanda. Nilipofika Kariakoo ilikuwa karibu saa sita, na kitambaa kimekauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea nini?"

Huyu mzee ameuza viungo miaka mingi kuliko umri wangu. Akafikicha jani la mjukuu, akafumba macho. Nikanusa na mimi. Maua yalikuwa yamepotea njiani, karafuu imebaki, na ile harufu ya tatu sasa imesimama peke yake, kavu, inawasha kidogo puani. Mzee hakusema neno. Akachukua punje ya pilipili manga, akaiponda kwa jiwe la mizani, akaniletea puani, kisha jani, kisha punje tena.

Kariofileni, terpeni nzito ya pilipili manga. Asubuhi ilikuwa imefunikwa na maua.

Jioni nilivuka tena. Kabla giza halijaingia nikafunga uzi mwekundu kwenye ule mche, nikauvika kifuko cha chandarua nyuki wasiuguse.