Huna Malaria, Una Ramadhani

Siku ya pili baada ya kufika nyumbani, Desemba 2024, sikuweza kunyanyua kichwa kwenye mto. Maumivu yalianzia nyuma ya macho yakashuka hadi shingoni. Viungo vililegea, na hata mwanga wa dirishani ulinichoma. Mama alinishika paji la uso akasema lile ambalo mama yeyote wa Chang'ombe, Dodoma, angelisema: "Hii malaria. Mwili umeshasahau mbu." Mdogo wangu akaita bajaji, tukaenda zahanati, nikatobolewa kidole. Hakukuwa na vijidudu. Tukarudi, nikalala tena, na uji wa uwele ambao nilikuwa nimeuota mwaka mzima ukapoa pembeni.

Baba alirudi jioni na birika lake. Hakunishika paji la uso. Alisimama mlangoni akauliza:

"Mara ya mwisho umekunywa kahawa lini?"

"Juzi. Uwanja wa ndege wa Helsinki."

"Na huko kwa siku ulikuwa unakunywa ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. "Wewe huna malaria, mwanangu. Una Ramadhani."

Baba ameuza kahawa Dodoma mjini kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka, siku mbili tatu za mwanzo wa mfungo, anawaona wateja wake wale wa vikombe vinne vitano kwa siku wamekunja nyuso, wanashika vichwa, wanagombana kwa jambo dogo. Wakishafuturu, wanamfuata yeye kabla hata hawajashiba. Baada ya siku kadhaa kichwa kinaachia na mfungo unaendelea vizuri. Hajawahi kusoma popote kwamba mwili uliozoea kafeini, kile kinachochangamsha ndani ya kahawa, ukikatiwa ghafla huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, kwamba hali huwa mbaya zaidi siku ya kwanza na ya pili, na kwamba mtu anaweza kuteseka hadi siku tisa. Mimi ndiye niliyesoma, na nina cheti cha kuhudumia wagonjwa. Yeye ndiye aliyejua.

Akanimiminia kikombe kimoja. Haikupita saa nzima nikakaa kitako na kuomba uji wangu.

(Kwenda kupima hatukukosea. Mtu aliyetoka ughaibuni akiumwa kichwa Dodoma, apime kwanza, ndipo ahesabu vikombe vyake.)

Nikiwa nimelala pale nilianza kujiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: imekuwaje mimi, niliyekulia chini ya birika la kahawa, niondoke kwetu nikiwa naiweza, nikaishie kushindwa nayo Finland?

Dodoma hatulimi kahawa. Ardhi yetu ni ya zabibu, alizeti na uwele, na mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili au hapo karibu. Kahawa inakuja kwa magunia kutoka mikoa ya mbali. Baba alikuwa anaichagua soko la Majengo, punje kwa punje, ananusa, anatafuna moja, anatema. Alichanganya aina mbili: "ya Moshi kwa harufu, ya Bukoba kwa nguvu." Nilidhani ni maneno ya biashara tu. Baadaye nikajifunza kwamba robusta, ile inayolimwa kwa wingi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya milimani Kilimanjaro. Mzee wangu alikuwa anapima dozi kwa ulimi.

Alhamisi usiku alikaanga uani kwenye karai, anageuza kwa mwiko mrefu hadi punje zinang'aa nyeusi, na moshi wake unaingia hadi kwenye sare zetu za shule. Mama alitwanga kwenye kinu pamoja na tangawizi kavu, halafu akapika kashata za karanga. Kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe, vile vidogo visivyo na mkono ambavyo Baba mpaka leo anaviita finjani, kama alivyofundishwa na mzee wa Kondoa aliyempa kazi hiyo. Alfajiri alianzia stendi kwa madereva na makondakta. Jioni, baada ya magharibi, alihamia kijiweni karibu na soko, kwenye bao na drafti. Bunge la bajeti likianza Aprili wateja waliongezeka, madereva wa waheshimiwa wakisubiri mabosi wao, na mabishano ya Simba na Yanga yakachanganyika na habari za mafungu ya wizara.

Na Baba alikuwa na sheria. Baada ya isha hakumpa kikombe cha tatu mtu anayejua ataamka mapema. "Nenda kalale, kesho nipo." Nilimwona akirudisha hela. Nilikuwa mdogo na iliniuma, maana hela ile ndiyo ilikuwa daftari langu.

Finland nilikuja 2015. Neno la kwanza la Kifini nililolielewa bila kutafsiriwa ni kahvi, kwa sababu halikukauka midomoni mwao. Wafini ni miongoni mwa watu wanaokunywa kahawa nyingi kuliko wote duniani, takriban kilo 10 kwa mtu kwa mwaka, na mapumziko ya kahawa yameandikwa kwenye mikataba ya pamoja ya kazi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee karibu na Helsinki. Wazee wanakunywa asubuhi, wanakunywa saa nane mchana na mkate mtamu wa iliki, na mgeni hakaribishwi kwa maji. Nilipenda sana. Watu wasioongea sana, ukiwawekea kahawa mezani, wanakaa nawe. Nikahisi niko karibu na nyumbani.

Lakini kahawa yao huokwa kidogo tu, inatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kwa macho ya mtoto wa muuza kahawa chungu, ile ilikuwa kahawa hafifu, nikawa najaza kikombe kikubwa cha mililita 300 na kukirudia. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Rangi haisemi nguvu, kwa kuwa kuoka hakupunguzi kafeini kwa kiasi cha kuonekana. Mililita 200 za kahawa ya kuchuja zina takriban miligramu 90. Kwa vikombe vyangu vitano nilikuwa napita miligramu 600 kwa zamu moja, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipite 400 kwa siku, na mjamzito 200.

Halafu ikaja zamu ya usiku, na giza. Helsinki mwezi Desemba jua linachomoza kama saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Mimi nimetoka mahali ambapo jua halibadili ratiba yake, karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Nilikuwa naingia kazini saa tatu usiku, natoka saa moja asubuhi bado giza, nalala, naamka giza. Kuna wiki sikuliona jua kabisa. Hapo kahawa ikaacha kuwa kinywaji. Ikawa ndiyo asubuhi yangu.

Niseme inavyofanya kazi, maana wengi wetu wa zamu za usiku tunaitumia bila kuijua. Tukiwa macho, ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini, na kadiri kinavyojaa ndivyo usingizi unavyotubana. Kafeini inakuja kukalia viti vya adenosini. Haimfukuzi mgeni yule. Yeye amesimama mlangoni, na wenzake wanazidi kuja. Kafeini ikiinuka, wote wanaingia kwa mpigo. Na haiinuki upesi: kwa watu wengi nusu yake huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Kikombe changu cha saa kumi alfajiri, kile nilichosema kinanifikisha mwisho wa zamu, kilikuwa bado na nusu yake damuni saa tatu asubuhi nilipokuwa nafunga mapazia nilale. Nililala kwa muda wa saa tatu au nne tu, usingizi wa juu juu, nikaamka nimechoka, nikanywa zaidi. Nilikopa kwa usiku kulipa mchana, na riba ikapanda kila wiki.

Miaka minne nilidhani ni baridi. Nilidhani ni upweke. Moyo ukidunda kitandani nilidhani ni kuwaza nyumbani. Usiku mmoja nikiwa nahesabu vidonge vya mzee mmoja, mkono ulitetemeka hadi kidonge kikadondoka sakafuni. Nikahesabu upya mara tatu kwa woga. Hilo bado linaniogopesha kuliko yote, kwa sababu mkono ule ndio unaolisha familia yangu, na mzee yule alikuwa ameniamini.

Kingine kilichonigharimu ni simu. Kiangazi saa zetu na za Dodoma ni zilezile, kipupwe tunatofautiana saa moja tu, kwa hiyo sina kisingizio. Lakini mtu ambaye hajalala hana subira. Mama akianza kunieleza habari za shamba la Bahi, nani kalima, ng'ombe wa nani wameingia, nilikuwa najibu kwa mkato, namharakisha. Nilijua ninachofanya na sikuweza kujizuia. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba Mama alikuwa anakata simu na kusema, "Dada yako amebadilika, Ulaya imemchukua."

Basi wiki zile tatu za Dodoma, Baba akanishusha taratibu. Hakunikataza. Siku za kwanza vikombe vinne vidogo, kisha vitatu, kisha viwili, vyote kabla ya adhuhuri. Na alinitaka ninywe nikiwa nimekaa na watu. Akanipeleka kijiweni. Nilipokuwa mtoto nilikaa nyuma ya jiko na ndoo ya vikombe, sikukaa kwenye benchi, kwa sababu benchi lilikuwa la wanaume. Safari hii wazee walisogea. "Karibu mama, kaa hapa." Mmoja alinikumbuka nikiwa na kaptura ya kaka yangu. Wakaniuliza kama ni kweli kuna mwezi jua halitui. Nikawaambia Juni linazama karibu saa tano usiku, na kaskazini kabisa haliendi kulala. Wakabishana muda mrefu kuhusu swala na saumu za huko, na hapo katikati ya mabishano niligundua kikombe changu kimepoa na sijakimaliza. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisahau kahawa.

Nilikuwa nimembebea Baba pakiti ya kahawa ya Finland. Aliichemsha kwa heshima zote, akanywa, akaiangalia. "Hii mmeitoa jikoni mapema." Kisha akanywa tena. "Lakini ina harufu ya matunda." Pakiti iliyobaki aliifunga vizuri akaiweka kabatini kwa ajili ya wageni.

Mimi nilimwachia neno moja kuhusu yake. Kahawa ya kuchemsha isiyopita kwenye karatasi ya kuchujia hubakia na mafuta yanayopandisha kolesteroli. Zamani Wafini nao walichemsha, na wazee ninaowahudumia bado wanaisimulia kahawa hiyo kwa mapenzi. Baba anakunywa vikombe viwili vidogo tu kwa siku, na huiacha itulie kwanza, kwa hiyo sikumsumbua zaidi. Niliwaambia wateja wake wanaofika sita. Kwa mdogo wangu mjamzito nilikuwa mkali zaidi, kwa sababu mwili wa mjamzito huchelewa sana kuitoa kafeini.

Nilirudi Januari na vikombe sita vya finjani nimevifunga ndani ya kanga. Usiku nakunywa viwili mwanzo wa zamu, na baada ya saa sita usiku sigusi. Saa kumi alfajiri bado ni ngumu, siwezi kudanganya. Kuna bibi mmoja kwetu kazini ambaye huamka saa hiyo hiyo kila usiku na kuniita, anataka kahawa yake. Zamani nilikuwa najimiminia na mimi tukanywa wote. Sasa yeye namtilia kahawa, mimi maji ya moto na tangawizi kavu ya Majengo, na tunakaa dirishani tukitazama theluji chini ya taa. Mwezi uliopita aliuliza kwa nini kikombe changu ni kidogo hivyo. Nikamwambia baba yangu anauza kahawa, na kwetu ndivyo vinavyokuwa. Akakichukua, akakigeuza mkononi, akatafuta mkono wa kushikia akaukosa. Tangu siku hiyo anaiomba kahawa yake ndani ya hicho kidogo.