Picha zilizotupwa mtoni

Leo nimekaa saluni saa nne nzima nikisukwa, mkononi nimeshika A Room with a View, riwaya ya E. M. Forster ya mwaka 1908.

Mapenzi, ndani ya Florence, Italia. Binti wa Kiingereza, Lucy, yuko matembezini na binamu yake mtu mzima anayemchunga kama yai.

Basi jioni moja Lucy anachomoka peke yake. Ananunua picha za sanaa, anakatiza uwanja wa Piazza della Signoria. Hapo wanaume wawili wanagombania deni. Mara kisu, mmoja anachomwa!

Lucy anazimia. Anayemdaka ni kijana George.

Akizinduka anamwomba amwokotee picha zake. Wakirudi kando ya mto Arno, anamwona George anatupa kitu majini.

Ni zile picha. Zilikuwa zimelowa damu, hakujua azifanyeje.

Nikaguna kwa sauti. Msusi akanivuta: “Dada, tulia kichwa! Nani kafa?”

Ikabidi nisimulie. Saluni ikagawanyika vipande viwili.

Mama aliyekuwa kwenye draya kang'aka: “Vitu vya watu anatupa bila kuuliza? Huyo hafai!”

Mimi nishamkubali jamani. Hajasema neno tamu hata moja, lakini kabanwa kidogo tu, kakiri. Kudanganya kwenyewe hajui!

Na ile damu inayoelea Arno pamoja na picha… bado naiona, na rasta zimeshaisha.

Nyie mngemsamehe? Niambieni. Ila niko mwanzoni, atakayenitajia mwisho namblock.