Tuache maua kando ya kahawa
Jamani wenzangu wa kahawa huku Masaka, tuache kufyeka kila kitu mpaka ukingoni mwa shamba! Robusta yetu si kama arabika, mti haujichavushi wenyewe, lazima upate chavua ya mti mwingine, upepo unasaidia sawa, ila nyuki nao wanafanya kazi kubwa. Sasa kahawa inachanua siku chache tu baada ya mvua, halafu hao nyuki wa porini wale nini miezi yote iliyobaki? Ndo maana mpakani nimepanda mbaazi na alizeti, mululuza, ule mti wa majani machungu, nauacha utoe maua, na chini ya migomba sing'oi kila jani linalochanua.

Na si chakula tu, wanataka pa kuishi pia. Wengi wanachimba vishimo kwenye udongo mtupu, wale weusi wakubwa wanatoboa mbao kavu, na hao ndo wachavushaji wazuri wa pasheni, kwa hiyo magogo makavu tusiyachome yote.

Dawa tafadhali usipige kahawa ikiwa imechanua, hata jirani akisema wadudu wamezidi, ngoja maua yadondoke kwanza.

Mwenye mbegu za mbaazi za kienyeji anicheki, nataka kuongeza upande wa bondeni.