Nilivyojifunza kutoboa kioo cha baharini

Vipande saba vya kwanza vilipasukia mkononi mwangu. Nilikuwa nimeviokota ufukweni kwa miezi ili nivitengenezee mikufu na hereni: vigae vya chupa vilivyosuguliwa na mchanga na mawimbi hadi kingo zikawa butu na uso ukafifia kama uliopuliziwa pumzi. Bahari huchukua miongo kadhaa kukilainisha kigae hivyo. Mimi nilikimaliza kwa sekunde tano.

Kosa langu lilikuwa pupa. Nilitumia keekee ya kawaida ya chuma, kavukavu, kwa kasi, nikikandamiza kana kwamba natoboa mlango. Kioo kikipata joto mahali pamoja hupasuka. Siku hizi naweka kibao ndani ya bakuli, kioo juu yake, kisha natia maji hadi kifunikwe. Natumia ncha nyembamba yenye chembe za almasi kwenye drili ndogo ya betri (ya kuchomeka ukutani usiithubutu karibu na maji), mwendo wa polepole. Ncha naianza kwa kuilaza kidogo ili isiteleze, halafu nainyoosha, na kila mara naiinua maji yaingie tunduni. Nikifika katikati nakigeuza kioo nianzie upande wa pili, maana ukitoboa moja kwa moja, tundu hutokea ng'ambo likiwa limemeguka.

Maji yale pia hulaza vumbi. Natumia makombe pia, na vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo hata msasa naupiga kwenye maji, na barakoa juu.

Kauri, yale makombe madogo yanayong'aa, nazo zilinitia adabu. Niliziloweka kwenye siki usiku kucha zitakate. Kulipokucha mng'ao wote umekwenda. Kombe ni chokaa, na siki hula chokaa. Sasa ni maji, sabuni na mswaki mkuukuu, basi.

Katika kuokota mimi ni mbishi. Kombe lenye mnyama ndani naliacha. Hata lililo tupu na zima naliacha, kwa kuwa kuna kaa wanaohamia humo. Nachukua yaliyovunjika, na ukweli ni kwamba kipande chenye ule mzunguko wa ndani hupendeza shingoni kuliko kombe zima. Matumbawe siyagusi. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, hata hereni moja inaweza kukuletea maswali mpakani.

Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likishatoka napita kwenye mstari wa mwani, ambako hukwama vipande vya ndara na nyuzi za nyavu. Ndara nazikata shanga kwa kisu, sizichomi. Waya wa shaba nautoa kwenye nyaya mbovu, nao nauchuna tu, kwani moshi wa ganda lake ni sumu. Kitu ninachonunua ni ndoano za hereni za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu shaba huacha rangi ya kijani kwenye ngozi.

Mbao zilizotupwa na maji naziloweka siku kadhaa nikibadilisha maji, chumvi itoke. Hilo nililijua baada ya rafiki kunirudishia mkufu wa mbao ambao waya wake ulikuwa umeota ukungu wa kijani.

Katika miaka yote hii nimepata kigae chekundu kimoja tu. Wekundu ni adimu mno. Nimekizungushia waya. Kukitoboa, mkono bado unakataa.