Majina ya reli za kale Marekani, na namna ya kuyasoma kwenye mabehewa

Jina refu la kampuni ya reli ya Marekani mara nyingi lilikuwa tamaa ya waanzilishi tu. Chicago, Rock Island and Pacific haikufika Pasifiki hata siku moja, njia yake iliishia New Mexico. Atchison, Topeka and Santa Fe nayo, kwa sababu ya milima, iliupita mji wa Santa Fe kando na kuufikia kwa tawi fupi kutoka Lamy. Mpaka leo treni ya Southwest Chief, Chicago hadi Los Angeles, kama kilomita 3,640, husimama Lamy.

Utamu wenyewe uko kwenye mabehewa ya mizigo. Rangi hudanganya. Soma herufi za ubavuni, mbili hadi nne, ambazo ni alama ya mwenye behewa, kisha namba. Southern Pacific ilimezwa na Union Pacific mwaka 1996, lakini behewa la SP bado laweza kukupitia, maana mmiliki mpya halazimiki kufuta herufi mara moja. Zikiishia na X, kama GATX, mwenye behewa si kampuni ya reli. Hapo wageni wengi huchemsha.

Ila muda unakwisha: behewa likifikisha miaka 50, kwa kawaida halipokelewi tena kwenye reli za kampuni nyingine. Kwa hiyo piga picha yenye herufi, namba na tarehe ya kuundwa, ile inayotanguliwa na BLT (kifupi cha “built”, yaani limeundwa). Bila namba, picha haithibitishi lolote.