Jentiana Yangu Kwenye Roshani ya Munich

Nilinunua jentiana yangu Aprili 2019 katika kitalu kimoja kusini mwa Munich, ikiwa na maua matatu ya buluu iliyokolea, kila moja likiwa kama tarumbeta la urefu wa sentimita 5 hivi lililokaa karibu kabisa na udongo. Wajerumani huiita Enzian. Jina lake la kitaalamu ni Gentiana acaulis, na hilo neno la pili maana yake ni isiyo na shina. Kweli shina halionekani, bali kuna zulia la majani mafupi, magumu, yasiyopukutika hata wakati wa baridi. Kwao ni malisho ya juu ya milima ya Ulaya, ikiwemo Alps, na kwa kuwa jentiana za porini zinalindwa na sheria hapa Ujerumani, anayeitaka huinunua kitaluni.

Mwaka 2020 haikutoa hata ua moja, na 2021 ikawa vivyo hivyo. Mimi nimekulia Marangu, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, ambamo mgomba ukionekana kudhoofika hupewa samadi ya ng'ombe, na mkono uliozoea hivyo hauachi. Nikaitilia jentiana samadi kavu ya kununua, nikautifua udongo kila wiki ili uwe laini, na jioni nikaimwagilia maji ya bomba. Majani yakanenepa kama mchicha wa bondeni, lakini tumba sikuliona.

Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa milimani, alipanda siku moja kunywa chai, akabonyeza udongo wa chungu changu kwa kidole, nacho kikazama hadi kiungo cha pili. Akatikisa kichwa. "Enzian haipendi godoro, mwanangu," akasema.

Septemba 2021 nikaihamisha. Nilichukua chungu kipana cha udongo wa kuchoma chenye matundu makubwa chini, nikachanganya udongo wa bustani, mboji ya majani na changarawe ya granaiti kwa vipimo sawa, bila samadi yoyote, kisha nikashindilia kwa ngumi kuizunguka mizizi mpaka nilipovuta jani kidogo mmea haukutikisika. Chungu nilikiinua juu ya matofali mawili ili maji yasituame, nikakiweka upande unaopata jua tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Maji nayo niliyabadilisha. Ya bomba hapa yana chokaa nyingi, kiasi kwamba birika la umeme hufanya ukoko mweupe ndani ya wiki chache, na aina hii ya jentiana hupendelea udongo usio na chokaa (iko ndugu yake, Gentiana clusii, inayoota kwenye miamba ya chokaa). Tangu hapo nimekuwa nikikinga maji ya mvua kwenye ndoo.

Watu hunihurumia kwa sababu ya theluji, kumbe theluji si adui. Huko milimani huifunika jentiana kama blanketi hadi jua la machipuo liiyeyushe. Tatizo la mjini ni mvua na jalidi kupokezana: maji yaliyomo udongoni yakiganda hutanuka na kuunyanyua mmea. Februari 2022 niliikuta imeinuka upande mmoja, mizizi miwili myeupe ikichungulia, nikaikandamiza kwa dole gumba na kuifunika kwa matawi ya msonobari kuikinga na upepo mkavu.

Aprili hiyo yakatokea matumba mawili, yamejisokota kama mwavuli uliofungwa. Nilikuwa nimebadilisha mambo mengi kwa mpigo, kwa hiyo siwezi kuapa ni lipi lililofanya kazi, ila nikilazimishwa kuchagua nitasema ni kule kushindilia. Ua hufunguka jua likiliangaza, na wingu likipita hujifunga tena. Ndani ya koo lake kuna madoa ya kijani ambayo huyaoni mpaka upige magoti.

Sasa kazi kubwa iliyobaki ni konokono wasio na gamba, ambao huyapenda matumba kuliko majani. Usiku wa mvua hutoka na tochi nikawaokota kwa mkono. Mwaka huu nilihesabu matumba 14, na mawili waliyawahi.